Kipindi cha Pili, Upande wa Reli

…na sasa amevua glavu, ya nini kuvua glavu kwenye baridi kama hii, tena ya mkono wa kulia, mkono ule ule uliokatwa ncha ya kidole na mashine ya soksi, ndio unaomuuma zaidi, namwona ameiweka juu ya bomba la chuma lililouzunguka uwanja, ameinyoosha vizuri kama mtu anayeanika nguo, kisha mkono kautia mfukoni, haya, angalau kautia mfukoni, sijui kwa nini nasema angalau, angalau nini, baba yangu amesimama kule Upande wa Reli na mimi nimesimama huku Upande wa Bustani, kati yetu uwanja mzima na watu ishirini na wawili wanaogaragazana kwenye tope, bila kwa bila, dakika ya themanini na mbili, na ile glavu ya manjano niliyomfumia mwenyewe naiona vizuri kuliko ninavyouona mpira. "Toa! Toa pasi, mwanangu, toa!" ni Clive huyo, hapa ubavuni mwangu, mate yananirukia shavuni, na Kieran hakutoa, Kieran hajatoa pasi tangu azaliwe, kapiga mwenyewe, mpira umepaa juu ya goli, umevuka ukuta, umeangukia kwenye bustani za watu, kwenye vitunguu vya mtu, na sasa tunangoja mpira mwingine. "La kuvunda halina ubani," anasema Clive, na mimi nacheka kidogo kwa sababu ndivyo tunavyofanya, Clive anatukana, mimi nacheka, na baba angesema, mwache kijana, Clive, ana umri wa miaka kumi na tisa na viatu vya kuazima… lakini baba hayupo, nafasi yake hapa kwenye bomba iko wazi, kikombe chake cha chai nimekiweka chini karibu na mguu wangu na kimeshapoa zamani.

Ni mapumziko ndiyo yaliyonitenga naye, mapumziko tu, jambo tulilolifanya miaka hamsini bila kufikiri, refa akipuliza filimbi unachukua chai yako unazunguka, hakuna anayebaki, kila mtu anakwenda kusimama nyuma ya goli tutakaloshambulia, na wa kwao wanazunguka kuja kule tulikotoka, tunapishana pale kwenye kibanda cha chai, hawa wanakwenda wale wanakuja, tunataniana, poleni jamani, tutawarudisha kwenu mkilia, mbwa wananusana, ndiyo raha ya daraja letu hili la nane, timu kubwa hazina mambo haya, kule unapewa kiti na namba na unakaa hapo hapo kama mgonjwa. Nilimwambia, baba, twende, akatikisa kichwa, nikaenda mbele kushika foleni ya chai, nikanunua viwili, chake sukari tatu, nikageuka kumtafuta, nikaona migongo, nikasema yuko katikati ya watu, au kapita chooni, nikaendelea, Clive ananieleza habari za goti lake, nikaendelea, na kipindi cha pili kilipoanza nikainua macho na kumwona kule ng'ambo, kofia yake ya manjano na nyeusi, kando ya watu kumi na wawili wa Melbrook na bendera yao ya buluu. "Gaynor, mzee wako leo kahama chama?" wakacheka wote, nikacheka na mimi, nikasema magoti yanamsumbua, kuzunguka kote huku ni mbali. Nikadanganya hivyo hivyo, haraka, bila hata kumeza mate. Magoti yake mazima, jana alipanda ngazi kuzibua mfereji wa paa na mimi nikakimbia kutoka jikoni roho mkononi.

Na sikwenda kumchukua. Hilo ndilo linaloniuma, nilisema nitakwenda mpira ukisimama, ukasimama, nikasema nitakwenda tukipata kona, tukapata kona nne, nikasema si lolote, anaona mpira vizuri kutoka kule, hewa nzuri, hakuna Clive wa kumrushia mate… uongo mtupu, ukweli ni kwamba niliogopa, nimeogopa kuondoka nyuma ya goli hili kwa sababu ya lile nililolipanga asubuhi, ujinga wa mtu mzima wa miaka hamsini na saba, ningemwambia nani, nilikuwa nakaanga mayai, simu ikalia, Howard, mdogo wangu, yuko kusini na watoto wake na bustani yake, "Dada, chumba kimepatikana," akasema, "lakini wanakishika mpaka saa kumi na moja jioni tu, kuna familia nyingine inangoja, wewe ndiye unayekaa naye, sitaki kukusukuma," hasukumi, Howard hajawahi kusukuma, anakuwekea mkono mgongoni na unajikuta unatembea. Chumba kwenye nyumba ya wazee, ile ya matofali mekundu nyuma ya maktaba. Nikasema nitakupigia. Nikaweka simu, mayai yameungua, nikamwangalia baba amekaa mezani na kofia kichwani tayari, saa tatu asubuhi, mechi ni saa tisa alasiri, na nikasema moyoni, tukishinda leo nasema hapana, anabaki nyumbani kwangu, tukifungwa nasema ndiyo. Nikaona nimepata amani. Nikampa mayai yasiyoungua.

Sikufikiria sare. Jamani, Haxley tumetoka sare mechi tisa msimu huu, tisa, hakuna timu katika ligi hii inayotoka sare kama sisi, na mimi Gaynor Ashdown ninayeijua timu hii tangu nikibebwa mabegani sikufikiria sare. "Refa! Refa, umeacha miwani kwa mama?" wanataka penalti, si penalti, hata mimi nimeona si penalti, kijana kajiangusha kama gunia, na refa anamwonyesha mkono ainuke. Saa kumi na dakika arobaini na mbili. Simu iko mfukoni upande wa kushoto, nausikia uzito wake ijapokuwa hailii.

Namwangalia tena. Hajaigusa ile glavu. Iko pale juu ya bomba, upande wake wa kulia, na mkono umo mfukoni, na wale wa Melbrook wanaruka kwa sababu timu yao inashambulia, winga wao anakimbia pembeni, krosi, mtu wao kapiga kichwa, Mungu wangu… nje, nje kidogo sana, Clive kashika kichwa, wale kumi na wawili wameshika vichwa, bendera imeshuka, na baba hajatikisika. Hakushika kichwa. Hakutazama hata mpira ulikokwenda, na ulipita mita mbili kutoka kwake, uligonga ubao wa tangazo la duka la mazulia na mimi niliusikia mshindo wake kutoka huku. Baba yangu ambaye huwezi kumsemesha mpira ukiwa ndani ya mistari, ambaye siku ya harusi yangu alitoka nje mara tatu kwenda kwenye gari kusikiliza matokeo, mama akasema huyu tutamzika na redio. Sasa anatazama wapi huyu, mpira uko pale, yeye kichwa chake kinakwenda kulia, polepole, kisha kushoto, polepole, halafu kulia tena.

Bila kwa bila, sare nyumbani, yeye ana msemo wake, sare ugenini ni mkate, sare nyumbani ni kufungwa kwa adabu, kausema kila mara tulipotoka uwanjani tukiwa tumenuna, mvua inanyesha, yeye mbele mimi nyuma, halafu chips kwa Pauline wa kibanda cha chai, siki nyingi, tunakula tukitembea, na akimaliza anaukunja ule mfuko kuwa kadogo kabisa, kama stempu, anautia mfukoni, mama akifua nguo anakuta stempu hizo za karatasi, anazipanga dirishani, nyumbani kwetu ulihesabu sare kwa karatasi za chips. Si kwamba alikuwa baba mpole, ukali alikuwa nao, siku ile ya mechi ya kombe tulipokwenda ugenini, kule pwani, nikiwa na miaka saba, watu elfu mbili, sijawahi kuona watu wengi vile, nikaachia koti lake sekunde moja tu kutazama samaki wa barafu kwenye duka, nikageuka, makoti yote yanafanana, nikaanza kutembea, nikatembea, nikazunguka uwanja mzima nikilia, na yeye anazunguka upande mwingine, tukawa tunazungukana kama mishale ya saa mpaka polisi mmoja akanikamata kwenye kofia. Alinishika mabega kwa nguvu, nikadhani ni hasira. "Ukipotea, simama. Unanisikia, Gay? Simama hapo hapo ulipo. Wewe ukitembea na mimi nikitembea hatutaonana mpaka Krismasi. Wewe simama, mimi nitakuja." Na mimi nikasema, na usipokuja? Akanitazama kama nimemtukana. "Nitakuja," akasema.

"Dakika nne!" mtu anapiga kelele, nne za nyongeza, dakika za lala salama, wamebadilisha mchezaji, yule mrefu wao anatoka anatembea kama bibi harusi, anatupotezea muda, "Tembea, babu, tembea, basi limekuacha!" na watu wanacheka, na Clive ananiambia, "Bora nusu shari kuliko shari kamili, Gaynor, tuichukue hii pointi twende nyumbani," na mimi nasema ndiyo, lakini si ndiyo, kwangu mimi pointi moja si kitu, ninataka goli au ninataka kufungwa, nataka mtu mwingine aniamulie, hata Kieran, hata huyu Kieran asiyetoa pasi, amwamulie Wilf Ashdown atalala wapi Jumatatu, hilo ndilo nililolifanya, nimemweka baba yangu kwenye mguu wa kijana wa viatu vya kuazima, na naona aibu, naona aibu mpaka masikioni.

Jumanne ilikuwa hivi hivi. Nilirudi kutoka kazini, jikoni pa shule, saa tisa na nusu, hayupo, kofia haipo, nikatoka, nikamkuta kwenye dirisha la duka la dawa, amesimama, yule msichana wa dukani akatoka akasema, "Mama, tulidhani anangoja dawa zake, amesimama hapo muda mrefu, tukamwuliza akasema yuko sawa." Dakika arobaini. Na Januari, kituo cha basi, mabasi matatu yamepita, dereva kamwuliza, babu unapanda, kasema hapana, asante. Daktari ana neno lake la kitaalamu, Howard ana lake, "Anaganda, dada, kama barafu," na mimi ninalo langu, nasema anapumzika. Anapumzika! Kwa miezi mitatu namwambia kila mtu mzee anapenda kusimama atazame watu. Hata pale mekoni asubuhi nikimwaga uji kwenye masufuria ya watoto najiambia, saa hizi atakuwa dirishani anatazama watu. Na leo kasimama. Watu mia moja arobaini na mbwa wawili, wote tunamwona, mimi mwanawe wa kumzaa namwona, na anatazama watu… Kulia, polepole. Kushoto. Haangalii uwanja. Anaangalia huku. Anaangalia huku nyuma ya goli letu, bomba zima, kichwa kwa kichwa, kama mtu anayesoma majina ubaoni kutafuta la kwake, na macho yake siku hizi hayafiki, hayawezi kufika, kwake sisi ni ukungu wa manjano na nyeusi, na bado anatafuta, anaanza tena kulia…

Ananitafuta mimi. Mpuuzi wee, Gaynor. Hajaganda, hapumziki, hatazami watu. Kapotea. Kapotea akasimama.

"Kona! Kona! Kipa naye anakuja, tazama, kipa anapanda!" Clive ameshika bega langu, kila mtu anasogea mbele, bomba linalia kwa vifua vya watu, mapafu yote ya Haxley yamejaa hewa, na mimi natoka, nasukuma watu kurudi nyuma, samahani, samahani, kaka nipishe, "Gaynor! Una wazimu? Ni kona! Unakwenda wapi saa hizi?" kwa baba, nasema, sijui kama nimesema kwa sauti, nimekipiga teke kikombe chake cha chai na chai baridi imeingia kwenye kiatu changu. Hakuna mtu anayeondoka upande huu kabla ya filimbi, hakuna, tulimcheka mtu mmoja miaka kumi aliyekwenda chooni wakati wa kona na goli likaingia, mpaka leo jina lake Chooni, na hata kaburini tutamwita Chooni, na mimi natembea, kisha natembea haraka, kando ya mstari, napita kibanda cha chai, Pauline anafuta meza, kofia ya baba iko mbali bado, mshika kibendera ananitazama kama nimetoka mahabusu, na nyuma yangu kimya, kile kimya cha mpira ukiwa hewani, ninakijua, nakisikia mgongoni, nikigeuka nitaona, sigeuki, ikiingia nasema hapana, ndivyo tulivyopatana, ikiingia ninabaki naye… kisha, "Aaaaah." Sauti ya watu mia moja arobaini. Si ya goli. Mtambaa panya, nadhani, nimesikia chuma kikilia. Nilitarajia nitaumia. Sikuumia, nimeshangaa, miguu yangu haikupunguza hata hatua moja, kwa hiyo jibu halikuwa kule, halijawahi kuwa kule, nilikuwa nimelisimamia mbali makusudi.

Nafika. Wale wa Melbrook wananipisha, mmoja wao, mama wa rika langu mwenye skafu ya buluu, ananinong'oneza, "Ni wako? Tulimpa biskuti. Tulimwuliza kama anataka kuketi, akasema hapana, anangoja mtu." Asante, nasema, asante sana, mama. Baba amenyooka kama askari, pua nyekundu, chozi la baridi kwenye jicho la kushoto. Ananitazama muda, na katika muda huo ninaogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, kisha uso wake unafunguka.

"Umefika," anasema.

"Nimefika, baba."

"Nimekushikia nafasi." Anaionyesha glavu, pale juu ya bomba, upande wake wa kulia, ninaposimama siku zote. "Mtu mmoja alitaka kusimama hapo nikamwambia pana mwenyewe."

Naichukua glavu, nautoa mkono wake mfukoni, baridi yake, loo, baridi ya mkono huu, namvisha kidole kimoja kimoja kama mtoto, kile kifupi kinabakiza pamba tupu kwenye ncha na mimi naikunja ndani kama ninavyoikunja kila siku. Uwanjani wanapiga mbele, wanapiga nyuma, hakuna anayetaka tena. Anasema polepole, macho kwenye mkono wake, "Uliniambia twende. Nikageuka, watu wote wanatembea, hawa wanakwenda kule, wale wanakuja huku, sikujua wa kwetu ni wapi. Nikaona nikitembea nitazidi kupotea." Ananitazama. "Nikasimama. Si ndivyo?"

"Ndivyo, baba. Ulifanya sawasawa."

"Ulikawia kidogo."

"Nilikawia." Nilikuwa nakuona, baba. Muda wote nilikuwa nakuona. Hilo silisemi, hilo nitakwenda nalo, nitalala nalo na kuamka nalo, dakika arobaini na tano nilikuwa namwona na sikuja, na Jumanne dakika arobaini sikumwona hata kumwona, na Jumatatu nitakuwa jikoni pa shule saa moja asubuhi, yeye atatoka, atapotea kati ya mlango na kona ya barabara, na atasimama kama alivyonifundisha, anamwambia kila mpita njia yuko sawa, asante, na atanishikia nafasi, na mimi niko na masufuria. Yeye anatimiza upande wake wa ahadi kila siku. Wa kwangu siutimizi. Kuna dada mmoja, mhudumu wa ile nyumba ya matofali mekundu, nilikwenda kuichungulia mara mbili peke yangu kama mwizi, alikuwa amepiga magoti anamfunga mzee mmoja kamba za viatu, akimwuliza habari za njiwa zake, na mzee alipotoka mlangoni akasimama tu kwenye ukumbi, akiwa haendi wala harudi, yule dada hakumaliza hata kuinuka, alishageuza kichwa. Sekunde mbili. Nilihesabu bila kujua kwa nini nahesabu. Nikarudi nyumbani nikamwambia Howard pananuka kabichi.

Basi ni ndiyo. Nitampigia Howard tukifika getini, na nitalisema mimi, kwa mdomo wangu, hakuna aliyeshinda, hakuna aliyefungwa, hakuna wa kusingizia. Linauma kuliko nilivyodhani, linauma hapa chini ya mbavu, na bado nimesimama.

"Ngapi ngapi?" anauliza baba.

"Bila bila."

"Nyumbani?" Anatikisa kichwa, amechukizwa kwelikweli, na kwa dakika hiyo yuko mzima, ni yeye, fundi Wilf wa mashine za soksi. "Sare nyumbani ni kufungwa…"

"…kwa adabu," namalizia.

"Vijana hawatoi pasi."

"Hawatoi, baba." Saa kumi na dakika hamsini na mbili. Kipa wetu ana mpira mikononi, mita kumi kutoka kwetu, anaudundisha, hana haraka, na Clive kule ng'ambo ni nukta ndogo inayopunga mikono. "Baba. Jumamosi tutakayocheza nyumbani nitakuja kukuchukua. Utakuwa… utakuwa mahali pengine, si kwangu. Karibu na maktaba. Nitakuja kukuchukua twende mpira."

Anatazama uwanja, na safari hii anautazama uwanja hasa, mpira umepigwa mbele, unapaa, unashuka kwenye tope, unasimama. Nadhani hajanisikia. Kisha naona glavu ya manjano imelishika bomba kwa nguvu, pamba ya kidole kile kifupi imetoka tena.

"Nisimame wapi?" anauliza.

"Popote," nasema. "Popote utakaposimama, baba."

"Utakuja?"

Namtazama kama amenitukana. "Nitakuja," nasema, na refa anaitazama saa yake, na bado hajapuliza.